Neno "trust": imani, amana au kitu kingine?

Malinya ni soko la Ikolomani, kusini ya mji wa Kakamega, na wengi wetu huku pwani tukilisikia hulisikia kwa mapigano ya mafahali. Mimi nimelijua kwa upande wa shemeji zangu. Nilipokwenda mara ya mwisho, mazungumzo hayakuwa ya mafahali bali ya dhahabu, kwa sababu maeneo jirani ya Isulu na Bushiangala ndiyo yaliyotafitiwa na kampuni ya Shanta Gold. Mzee mmoja akaniuliza: "Shemeji, nyinyi watu wa Mombasa ndio wenye Kiswahili. Hili neno trust tunalolisikia kila penye mkutano wa mashamba, kwa Kiswahili ni nini?"

Nilimwambia inategemea. Hakuridhika, na alikuwa na haki yake. Jibu refu ni hili.

Asili ya neno hilo ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, nao walisema "traust", yaani msaada, kitu imara cha kuegemea. Kutoka hapo Waingereza wakapata maana ya kwanza tunayoijua sote, kumwamini mtu. Lakini hata hapa kuna mitego. Ukipokea habari "on trust" maana yake umeikubali bila ushahidi. Barua ikianza kwa "I trust you are well", hiyo si imani wala nini, ni salamu tu. Na mkubwa wako kazini akikuandikia kwamba "anatrust" ripoti itakuwa mezani Ijumaa, usifurahi kuwa umeaminiwa. Hiyo ni amri iliyovaa koti.

Kisha kuna majina. Benki ya Diamond Trust kila mtu wa mjini anaijua. Na ukimtuma kijana dukani akalete "Trust" bila maelezo, mwenye duka anaweza kumpa kile kipakiti ambacho hatukitaji mbele ya wakwe.

Marekani neno hili lilipata sura mbaya kabisa. Mwaka 1882 kina Rockefeller wa Standard Oil waliunganisha makampuni mengi ya mafuta kwa hila moja: wenye hisa walizikabidhi hisa zao kwa watu wachache, na wachache hao wakaendesha biashara yote kama ya mtu mmoja. Mpango huo ukaitwa trust. Sheria ya kuuzuia ilitungwa 1890, na 1911 mahakama kuu ikaivunja kampuni hiyo vipande. Ndiyo maana mpaka leo sheria ya Wamarekani ya kulinda ushindani wa biashara inaitwa "antitrust". Anayetafsiri neno kwa neno atadhani ni sheria ya kukataza watu kuaminiana.

Sasa tufike kwenye maana aliyoiulizia mzee, ile ya wanasheria. Hapo trust ni mpango wa pande tatu: mwenye mali, anayekabidhiwa, na anayekusudiwa kunufaika. Anayekabidhiwa huandikwa jina lake kwenye hati, lakini mali si yake ya kula. Muislamu wa pwani hahitaji darasa hapa, kwa sababu ameuona wakfu: nyumba ya marehemu fulani, mutawalli anakusanya kodi, msikiti au watoto ndio wanaofaidika. Wako wanasheria wanaosema Waingereza walijifunza jambo hili kwa Waislamu wakati wa vita vya msalaba, na wengine wanabisha. Tofauti kubwa ni kuwa mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Trust ya Kiingereza inaweza kubadilishwa, kutegemea aliyeiandika na alivyoiandika.

Kiswahili chetu nacho kimeongeza utata. Mshikaji wa trust tunamwita mdhamini. Anayekutoa rumande pia ni mdhamini, na anayeinunulia timu jezi ni mdhamini. Basi watu wakisikia "bodi ya wadhamini" wanadhani ni matajiri waliotoa pesa zao, na wanaona haya kuwauliza hesabu. Mimi ningependelea tuseme amana, na anayeishika awe mshika amana. Mshika amana huulizwa.

Kakamega imeshaonja neno hili. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyobeba neno Trust katika jina lake, ikaahidi kuwa ardhi za hifadhi za Waafrika ni zao milele, na kipande kikichukuliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ingeweza kutolewa kwa ajili ya madini na mwenyewe akalipwa pesa tu, bila shamba la badala, na bila kulitaka kwanza shauri baraza la wenyeji. Ile "milele" ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi 1952.

Baada ya uhuru neno likabaki. Ardhi ambazo hazikuwa na hati za watu binafsi ziliitwa Trust Land, zikashikwa na kaunti za wakati ule kwa niaba ya wakaazi. Katiba ya 2010 ikazigeuza ardhi za jamii, na sheria yake ikaja 2016.

Mzee wa Malinya ana hati yake, kwa hiyo atasema hayo hayamhusu. Yanamhusu. Kifungu cha 62 cha katiba hiyo kinasema madini ni mali ya umma, na serikali ya kitaifa inayashika "in trust" kwa ajili ya watu wa Kenya. Shamba ni lake, dhahabu iliyo chini ya mihindi yake ni amana mikononi mwa mwingine. Sheria ya Madini ya 2016 inaugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya panapochimbwa.

Hiyo 10 ndiyo niliyomwambia aishikilie. Aulize mkutanoni ni nani atakayeipokea kwa niaba ya jamii, amechaguliwa na nani, na hesabu itasomwa wapi na lini. Nikamwambia pia habari za kwetu Kwale, ambako Base Titanium ilichimba kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, na wanakijiji wakapitisha miaka baada ya sheria hiyo wakiisikia asilimia 10 kwenye redio bila kuiona.