UZI: Mgombea akisema "tutawajali wanajeshi wastaafu", muulize haya kwanza

1. Wadau, msimu wa mijadala ukifika kuna sentensi lazima utaisikia: "Serikali yangu itawaenzi mashujaa waliolinda mipaka yetu." Ukumbi unapiga makofi, mwendesha mjadala anaruka hadi bei ya unga, na hakuna aliyeuliza ni wastaafu gani, pesa gani, na zitoke wapi. Leo nataka tulifungue hilo fungu moja moja. Kama kawaida ya huu ukurasa, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukiona mtu wako humu, ni wewe umemwona.

2. Tuanze na kitu ambacho watu wengi hawakijui. Mwanajeshi akiwa kazini hana chama cha wafanyakazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 24(5), inaruhusu sheria kuwawekea mipaka wanajeshi na polisi katika haki kadhaa: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, hata haki za kiuchumi na kijamii. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inasema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi. Mwalimu anaweza kugoma. Daktari anaweza kugoma. Askari jeshi akigoma, hilo linaitwa uasi.

3. Ndiyo maana hii mambo ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 bila mtu wa kumpigania mezani anategemea kitu kimoja tu: kile kilichoandikwa kwenye sheria. Kama hakikuandikwa vizuri, atakijua siku anavua sare, na wakati huo hana kamanda wa kumwendea wala chama cha kumsemea.

4. Sasa tofauti ya kwanza, na hii ndiyo wanasiasa huichanganya sana. PENSHENI si sawa na MANUFAA YA WASTAAFU. Pensheni ni malipo ya kazi uliyoifanya. Hulipwa kutoka mfuko mkuu wa serikali, mahali pamoja na panapolipa deni la taifa, bila kusubiri wabunge wapige kura kila mwaka wa fedha. Kwa hivyo mgombea akikuahidi kwamba "atawapa wanajeshi pensheni", anakuahidi kitu ambacho tayari ni chao. Ni kama mwenye nyumba kukuahidi mlango.

5. Manufaa ya wastaafu ni kitu kingine: matibabu, ushauri nasaha, mafunzo ya kazi mpya, msaada kwa familia, heshima wakati wa mazishi. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka wa 2022, inayomtambua mstaafu wa jeshi kama kundi lenye mahitaji yake na kuiweka kazi hiyo chini ya wizara ya ulinzi. Sheria ni hatua kubwa. Lakini manufaa ya aina hii hutegemea bajeti ya kila mwaka, na sheria bila bajeti ni kalenda ya ukutani: inapendeza, hailishi mtu.

6. Swali namba moja kwa mgombea basi: "Sheria ya 2022 unaifahamu? Mwaka wako wa kwanza utaitengea shilingi ngapi, na utapunguza wapi?" Akijibu kwa kusimulia ushujaa wa jeshi, hajajibu.

7. Tofauti ya pili: mstaafu gani? Watu husema "wastaafu wa jeshi" kana kwamba ni kundi moja. Kuna waliotoka jeshini kwa amani baada ya kumaliza muda wao. Kuna waliotoka na majeraha. Kuna wazee wachache waliobaki wa enzi za KAR, waliopigania Uingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Wale walilipwa kiinua mgongo kulingana na rangi ya ngozi, Mwafrika akipata hadi mara tatu chini ya mzungu wa cheo hicho hicho. Mwaka wa 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 za kuwasaidia wakongwe wa jeshi la kikoloni na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola, lengo likiwa angalau wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, zaidi ya miaka 70 baada ya vita kuisha.

8. Halafu kuna wanaanga wa 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka huo, jeshi la anga lilivunjwa na wengi wakafungwa au kufukuzwa bila marupurupu. Miaka mingi baadaye baadhi walienda Mahakama Kuu na kushinda kesi za kuzuiliwa na kuteswa kinyume cha sheria. Lakini kushinda ni jambo moja, kulipwa ni lingine. Chini ya sheria zetu, ukiishinda serikali huwezi kumtuma dalali akanadi magari yake. Inabidi urudi tena kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe. Mzee wa miaka 70 anashika hukumu mkononi kama picha ya harusi.

9. Sasa tuingie kwenye hesabu, hapa ndipo unga uko. Pensheni za serikali huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Benki Kuu yenyewe inalenga bei zipande kwa asilimia 5 kwa mwaka, ikiruhusu 2.5 juu au chini. Chukua mstaafu wa mfano anayepata 20,000 kwa mwezi. Baada ya miaka 10 pensheni yake ni kama 23,200. Lakini kikapu kile kile cha sokoni, bei zikienda kwa hiyo asilimia 5, kitagharimu kama 32,600. Hakuna aliyemwibia. Amepoteza 9,400 kila mwezi kwa utaratibu wa kawaida kabisa.

10. Na kumbuka askari wa cheo cha chini hastaafu akiwa na miaka 60 kama karani wa wizara. Wengi hutoka wakiwa bado na watoto shule ya msingi. Kwa hivyo hiyo pengo ya hesabu inamla kwa miaka mingi zaidi kuliko inavyomla mstaafu wa kawaida. Swali namba mbili: "Utafunganisha nyongeza ya pensheni na mfumuko wa bei, ama utaacha asilimia 3?" Hili halihitaji hotuba. Ni ndiyo ama hapana, na gharama yake ni ngapi.

11. Tusiwe watu wa kulaumu tu. Kuna kitu kilichoboreka: tangu mwisho wa Desemba 2024, marekebisho ya sheria za kodi yaliondoa kodi kwenye malipo ya pensheni kwa waliofikia masharti ya kustaafu. Kabla ya hapo ni 25,000 za kwanza kwa mwezi ndizo zilizosamehewa kwa walio chini ya miaka 65. Lakini angalia nani hasa amefaidika. Mwenye pensheni ya 18,000 hakuwa analipa hiyo kodi tangu zamani, kwa hivyo hakuongezewa hata senti. Aliyefaidika zaidi ni wa vyeo vya juu.

12. Familia. Hapa naomba tusome polepole. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Januari 15, 2016 kambi ya El Adde ikashambuliwa. Januari 27, 2017 ikawa Kulbiyow. Idadi ya waliofariki El Adde ilibishaniwa kwa muda mrefu, na miili mingine ilihitaji vipimo vya DNA kutambuliwa. Kwenye mijadala hiyo inakuwa takwimu. Kwa mjane inakuwa karatasi.

13. Karatasi zenyewe: cheti cha kifo, barua ya chifu, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uthibitisho wa ndoa. Kama hakuna mwili, Sheria ya Ushahidi inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kusikia habari zake anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki, isipokuwa kuwe na ushahidi mwingine mapema. Miaka saba! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza ameshamaliza la saba. Na kama ndoa ilikuwa ya kimila bila cheti, ama wajane ni wawili, mvutano wa familia unaweza kuchukua miaka mingine juu ya hiyo.

14. Kisha kuna muda. Kwenye sheria ya pensheni ya watumishi wa umma, mstaafu akifariki, pensheni ya wategemezi hulipwa kwa miaka 5 tu. Mjane wa miaka 38 atakuwa na 43 malipo hayo yakikatika. Kumekuwa na juhudi bungeni za kuongeza huo muda, na kila mara swali ni lile lile: Hazina itatoa wapi? Ni swali halali. Lakini lijibiwe kwa hesabu, si kwa kunyamaza. Swali namba tatu: "Miaka 5 kwa mjane, unaiunga mkono ama utaibadilisha?"

15. Upande wa pili pia una hoja, tuziseme kwa haki. Mtu atauliza: "Kwa nini wanajeshi? Muuguzi pia alikufa wakati wa Covid. Polisi anauawa Lamu na Mandera." Na ni kweli. Tangu Januari 2021 polisi wako kwenye mpango wa pensheni wa kuchangia pamoja na walimu na watumishi wengine, wao wakitoa asilimia 7.5 na serikali 15, ilhali wanajeshi wako nje ya mpango huo. Wawili wanaolala kwenye mtaro mmoja mpakani, wanastaafu kwa kanuni mbili tofauti. Jibu langu: hoja hii si sababu ya kumnyima mwanajeshi. Ni sababu ya kumwongeza polisi kwenye mazungumzo.

16. Hoja nyingine: "Mambo ya jeshi ni siri." Operesheni ni siri, nakubali kabisa. Foleni ya pensheni si siri. Idadi ya faili zilizokwama, muda wa kusubiri, umbali wa mstaafu wa Mandera kutoka hospitali kuu ya jeshi Nairobi, hakuna adui anayeshinda vita kwa kujua hayo.

17. Kama una mzazi ama ndugu aliyekwama, fanya hivi. Usiende kuuliza kwa mdomo tu, andika barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Asipojibu, peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, huduma hiyo ni bure. Yeyote anayekuomba "kitu kidogo" kwa simu ili asukume faili yako, huyo ni tapeli, hata kama anajua namba ya huduma ya mzee.

18. Na wewe uliye bado kazini: hakikisha majina ya mke, mume na watoto kwenye rekodi zako ni ya leo, si ya ulivyokuwa kuruta. Ni kazi ya asubuhi moja. Usipoifanya, watakaohangaika kwenye foleni ni wao.

19. Maswali ni matatu basi: bajeti ya sheria ya 2022, nyongeza ya pensheni, na miaka ya mjane. Mjadala ukianza, yaweke kwenye maoni na umtaje mwendesha mjadala. Kama familia yako imepitia haya, andika hapa chini ilichukua muda gani. Usiweke jina wala namba ya huduma, miezi tu inatosha. Nitayasoma yote.