Baa ya Nyumbani na Kabati la Mbao Zilizokoza Rangi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumwita Seremala

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya mtu, mjini au hata shamba, ukakuta pembeni mwa sebule kabati refu la mbao za rangi iliyokoza, bilauri juu na chupa chini, na mbele yake kaunta iliyoinuka yenye viti virefu viwili au vitatu. Zamani mambo hayo yalionekana katika hoteli na vilabu tu. Sasa mwenye nyumba apendaye wageni hataki kuwapeleka mjini kila mara. Ataka waketi kwake, wanywe kwa kiasi, na kila mtu arudi kwake mapema. Jambo hilo halina ubaya. Lakini wengi waliotengenezesha kabati la namna hiyo wamejuta, nami ni mmoja wao, na sababu ya majuto karibu siku zote ni moja: walimwita seremala kabla ya kupima chumba, na kabla ya kuujua ubao walioununua.

Kabati langu la kwanza lilitengenezwa mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha. Mbao zilipendeza macho, nzito, za rangi ya kahawia, na gharama yake ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili. Lilipoletwa nyumbani majirani walikuja kulitazama. Ilipofika Januari, wakati wa jua kali, ubao wa mlango mmoja ulipasuka usiku toka juu hata chini, kwa mlio uliowaamsha watoto. Mlango wa pili ulipinda, ukakataa kufungwa. Seremala alipoitwa alitikisa kichwa akasema kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa maji.

Yafaa msomaji aelewe jambo hili vizuri, maana ndilo asili ya hasara nyingi. Mti ukatwapo huwa umejaa maji, na pengine uzito wa maji hukaribia uzito wa mti mkavu wenyewe. Maji hayo hutoka polepole, na yatokapo ubao hupungua. Haupungui kwa urefu, au hupungua kidogo mno. Hupungua kwa upana. Ubao wa upana wa inchi 18 ulioletwa ungali na unyevu waweza kupoteza robo inchi au zaidi ukishakauka ndani ya nyumba. Kama umegongomewa misumari au kugandishwa kwa gundi pande zote, hauna pa kusogea, basi hupasuka. Tena hata ubao uliokauka sawasawa haufi kabisa: wakati wa mvua huvuta unyevu wa hewa ukavimba kidogo, na wakati wa kiangazi huurudisha ukanywea.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili, wakabuni mlango wa fremu. Hufanywa fremu ya mbao nne nyembamba zilizounganishwa kwa ulimi na tundu, na upande wa ndani wa fremu huchimbwa mfereji. Ubao mpana wa katikati huingizwa katika mfereji ule bila gundi wala msumari, na kuachiwa nafasi ndogo pembeni. Uvimbe, unywee, fremu haisikii. Ukimwendea seremala, mwulize hivi: "Fundi, ubao wa katikati utautia gundi?" Akijibu kwamba atautia gundi ili usitikisike, mshukuru kwa heshima uende kwa mwingine.

Na ukavu wenyewe utaujuaje? Kanuni ya kale ni kwamba mbao ngumu zilizopangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, huhitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Wauzaji wenye tanuru la kukaushia humaliza kazi hiyo katika majuma machache, na wengine wana kifaa kidogo cha kupimia unyevu kwa umeme. Usipokipata kifaa hicho, iko njia ya jikoni. Omba kipande kilichokatwa katikati ya ubao, si mwishoni, maana mwisho hukauka kwanza. Kipime katika mizani ya gramu, kisha kiweke katika joko lenye joto la kadiri, nyuzi 100 au zaidi kidogo, ukipime tena mara kwa mara hata uzito uache kupungua. Tuseme kilikuwa gramu 560, kikashuka hata 500: maji yalikuwa gramu 60, nayo ukiyagawanya kwa 500 wapata asilimia 12. Kwa nyumba za Nairobi na nyanda za juu kiasi hicho chafaa. Ukipata asilimia 20 au zaidi, ubao huo ni wa kungoja, hata muuzaji akiapa.

Sasa tuitazame miti yenyewe. Mvule ndio unaosifiwa zaidi, na kwa haki. Ukikatwa una rangi ya manjano, lakini mwanga huugeuza kuwa kahawia iliyoiva, basi asiyejua hudhani ameuziwa mti mwingine. Hauliwi upesi na mchwa. Ila una hila mbili: ndani yake mara nyingine mna madonge magumu kama mawe, yanayoua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi afunike pua afanyapo kazi. Mahogani ya Afrika, ambayo wengine huiita mkangazi, ina wekundu wenye giza na hupigwa randa kwa urahisi. Mninga, ambao ni mti wa Tanzania na nchi za kusini yake, una mistari mizuri, na hausogei sana ukishakauka. Mbao nyingi za mvule na mahogani ziuzwazo Nairobi hutoka Kongo zikipitia Uganda. Na tangu Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mnunuzi mwangalifu hudai stakabadhi ionyeshayo ubao umetoka wapi.

Wengine huuliza habari za mpingo, kwa kuwa hakuna mti mweusi kuupita. Mpingo haufai kwa kabati. Shina lake ni jembamba na lenye kupinda, hukua polepole mno, na ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Lakini vishikio vya milango vilivyochongwa kwa vipande vya mpingo hupendeza ajabu, tena havichakai.

Asiye na fedha za mvule asikate tamaa. Mgrevilea, ule mti uliopandwa katika mashamba ya kahawa na chai ili kutia kivuli, hutoa ubao wenye madoa mazuri yanayong'aa, nao huipokea rangi vizuri. Rangi ya kukoza huuzwa madukani. Ijaribu kwanza juu ya kipande cha ubao ule ule, kwa maana rangi moja hutoka mbalimbali juu ya miti mbalimbali. Saipresi nayo ni rahisi, lakini vifundo vyake hubaki vikionekana chini ya rangi, na mimi sipendi kabati lenye macho.

Baada ya ubao ni chumba, na hapa hesabu ndogo yaweza kuokoa fedha nyingi. Kaunta ya baa huwa na kimo cha inchi 42, na kiti chake kirefu inchi 30, ili magoti yapate nafasi. Kila mgeni ahitaji upana wa futi 2. Nyuma ya kaunta mwenye kumimina ataka njia ya inchi 36 apate kuinama na kufungua mlango wa kabati. Basi jumlisha: kabati la ukutani inchi 18, njia 36, kaunta 20, hizo ni inchi 74, yaani futi 6 na inchi 2. Ongeza futi 3 za kiti na mtu aliyekikalia, umekwisha kupita futi 9. Sebule ya nyumba nyingi za mijini haizidi futi 12 kwa 14. Zinazobaki ni futi 3 za kuweka viti vya jamaa, meza, na mtoto anayefanya masomo yake. Nimeona nyumba ambayo bibi na watoto hula jikoni wamesimama kwa sababu kaunta imekula sebule, na juu ya kaunta yenyewe zimewekwa nguo za kupigwa pasi.

Kwa chumba cha namna hiyo afadhali kabati la ukutani peke yake, lenye mlango mmoja wenye bawaba upande wa chini. Mlango huo ukifunguliwa hulala kama meza, ukishikwa na minyororo miwili, na juu yake hutayarishwa vinywaji. Wageni wakiondoka hufungwa, na chumba hurudi kuwa chumba.

Upate kaunta au usipate, rafu zisifanywe kwa kukisia. Chupa nyingi za mvinyo na pombe kali zina urefu wa kama inchi 12, hivyo nafasi ya inchi 14 baina ya rafu na rafu yatosha. Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kama kilo moja na robo. Rafu ya urefu wa futi 3 na upana wa futi 1 yaweza kuchukua chupa 33, na huo ni mzigo wa zaidi ya kilo 40. Ubao wa nusu inchi utalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo; uwe wa inchi moja, na uwe na mhimili katikati. Chupa za mvinyo zenye kizibo cha gome zilazwe, kizibo kisikauke; za pombe kali zisimamishwe, kwa kuwa kileo kikali hukiharibu kizibo. Kabati lisielekee dirisha lenye jua, maana mwanga huharibu ladha ya bia, hasa iliyo katika chupa nyeupe au ya kijani. Na mtu akitaka kuficha friji ndogo humo ndani, aache tundu za hewa nyuma na chini, ama sivyo friji itachoka upesi na ubao utapikwa.

Neno juu ya mwanga. Mbao zilizokoza hunywa mwanga, na kabati kubwa la kahawia katika chumba chenye dirisha moja hufanana na mlango wa pango. Ukuta wa nyuma upakwe rangi nyeupe, au rafu za juu ziwekewe kioo nyuma, na chini ya rafu zitiwe taa ndogo za LED, ambazo hazitoi joto jingi.

Kuhusu kung'arisha, liko kosa linalofanywa hata na mafundi hodari. Shelaki, ile polishi ya kale itokanayo na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, hutoa mng'ao wa kina usio na mfano. Lakini shelaki huyeyushwa kwa spiriti ndipo ipakwe, na hivyo pombe kali imwagikapo juu yake huiyeyusha tena. Bilauri moja iliyomwagika huacha alama isiyofutika kwa kitambaa. Basi shelaki ipakwe milangoni na ubavuni ukipenda, bali uso wa kaunta na ule mlango wa kulala vipakwe vanishi ya poliyurethini, mara tatu au nne, ukipigwa msasa laini kila baada ya mpako kukauka.

Nyumba ambazo hazitumii kileo, nazo ni nyingi pwani na bara, zaweza kufuata vipimo hivi hivi. Nimeona Mombasa kabati zuri la msaji lenye mabuli, vikombe vya kahawa, na mitungi ya kioo ya maji ya ukwaju, na hakuna mgeni aliyeuliza kulikosa nini.

Palipo na kileo pawe na kitasa cha kweli, si komeo la kusukuma kwa kidole, na ufunguo usikae juu ya kabati, mahali ambapo kila mtoto hutafuta kwanza. Na mtu asije akafikiri kwamba kwa kuwa ana kaunta aweza kuwauzia majirani. Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, kuuza bila leseni ni kosa, hata kama ni chupa moja sebuleni mwako, na kumwuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa pia.

Mwisho wa mapatano, mwambie seremala alifanye kabati vipande viwili, cha chini na cha juu, vipate kupita mlangoni na kwenye ngazi. Sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako hata milango ijaribiwe hapo litakapokaa, kwa sababu sakafu ya karakana yake si sakafu yako. Kabati langu la pili limepita Januari nyingi bila mlio wowote. La kwanza liko jikoni, milango imeng'olewa, na bibi huwekea unga.