Mchai Hukunjwa Ungali Mbichi

HUENDA majani ya kikombe chako cha Jumapili hii yalichumwa katika miinuko ya Kericho na Bomet. Ukisafiri kutoka Sotik kuelekea Kisii utapitia Chepilat, soko lililo mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira. Kandokando ya njia utaona michai iliyolingana juu kama meza. Je, wajua kwamba mchai ukiachwa ukue upendavyo huwa mti mrefu kuliko nyumba? Meza hiyo ni kazi ya mikono, nayo huanza mmea ukiwa mchanga.

Familia nyingi za mjini zina kipande cha shamba nyumbani, na kazi wamemwachia mzazi au kibarua. Katika nafasi ya futi 4 kwa 2.5, ekari moja huchukua zaidi ya miche 4,300. Hiyo si gharama ndogo. Basi miche inapofika kiunoni, aliye nyumbani hushawishika kuanza kuchuma, kwani kituo cha kununulia majani hakiko mbali. Hapo ndipo shamba huharibika. Mche hubaki mwembamba, wenye matawi machache, na mavuno yake huwa haba miaka yote.

Kwa nini ukatwe?

Ncha ya shina hutoa homoni inayoteremka na kuzuia macho ya pembeni yasichipue. Ukiiondoa ncha, macho hayo huamka, na shina moja huzaa matawi mengi.

Njia ya kwanza ni kupogoa kwa hatua. Kwa kawaida mche hukatwa sentimita 15 kutoka ardhini. Matawi yakikua, hukatwa tena kwa kimo cha sentimita 28, kisha 40. Tumia kisu kikali, usipasue shina. Mwishowe, machipukizi yote yanayopita sentimita 50 huchumwa kwa usawa, ukipima kwa fimbo. Hapo meza imeanza.

Njia ya pili ni kukunja. Baada ya mkato wa kwanza, matawi yakiwa marefu na bado laini, yainamishe pande zote kama njiti za gurudumu la baiskeli. Yashikilie kwa vigingi vya mti vyenye ndoano, kisha ukate ncha zake. Machipukizi yatasimama kwenye kila tawi, nawe utayasawazisha kwa sentimita 50 vivyo hivyo. Njia hii hufunika ardhi mapema, magugu yakapungua na mvua isichukue udongo.

Usikate wakati wa kiangazi, ambacho huku huwa kati ya Desemba na Machi. Ngoja mvua ishike.

Kazi yote huchukua kama miaka miwili hadi mitatu, na katika muda huo shamba halilipi chochote cha maana. Kwa hiyo, ukimpigia simu mzee nyumbani, usimwulize ameuza kilo ngapi. Mwulize michai imefika kimo gani. Ikibidi, mtumie pesa za matumizi ili asilazimike kuchuma mapema. Mchai uliolelewa vyema huvunwa zaidi ya miaka 50, na huenda wajukuu wako wakasomeshwa nao.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ukichelewa, mti ukishakomaa, tawi utakalolikunja litavunjika mikononi mwako.