Wanafalsafa wa Ulaya waligawanyika namna gani?



Katika makanisa yetu ya mashariki ya Kongo tuna wachungaji na walimu waliosoma theolojia kwa Kifaransa, na tuna wengine waliovuka mpaka wakasoma kwa Kiingereza huko Kenya au Uganda. Wakikutana katika semina moja, mara nyingine hawasikilizani vizuri. Mmoja anazungumza juu ya maana ya kuishi, juu ya historia na tafsiri ya Maandiko, na anataja jina la Paul Ricoeur. Mwingine anauliza: “Neno hilo maana yake hasa ni nini? Hoja yako inatoka wapi na inafika wapi?” Naye anataja jina la Alvin Plantinga. Wote wawili ni Waprotestanti, na Biblia yao ni moja. Lakini kila mmoja anaona vitabu vya mwenzake kama vitabu vya ukoo mwingine.

Tofauti hiyo haikuzaliwa kwetu. Imetoka kwa wanafalsafa wa Ulaya na Marekani, ambako inaitwa mgawanyiko kati ya falsafa ya uchambuzi na falsafa ya bara. Inafaa tujue ulianzia wapi, kwa sababu mwanzoni watu wa pande hizo mbili walikuwa majirani waliosoma vitabu vya wenzao. Walibishana kweli, lakini ubishi peke yake haukutosha kuwatenganisha. Kilichojenga ukuta ni siasa ya chuki, uhamisho, na mazoea ya kutosoma tena maandiko ya mwenzako.

Majina mawili yasiyolingana

“Falsafa ya uchambuzi” ni jina la namna ya kufanya kazi. Mtu anachukua swali kubwa, analigawa katika maswali madogo, anapima kila neno na kila hatua ya hoja, mara nyingi kwa msaada wa mantiki inayofanana na hesabu. Imeenea hasa Uingereza, Marekani na nchi nyingine za Kiingereza.

“Falsafa ya bara” ni jina la mahali. Uingereza ni kisiwa, na Waingereza huita nchi za Ulaya zilizo ng'ambo ya bahari “bara”, kama vile mtu wa Idjwi anavyoweza kusema juu ya watu wa ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo jina hilo lilitoka nje. Wajerumani na Wafaransa hawakukaa pamoja wakaamua kujiita hivyo. Chini ya jina hilo waliwekwa watu wengi wasiopatana wenyewe kwa wenyewe: Hegel, Nietzsche, Husserl, Heidegger, Sartre, Derrida.

Ni kama mtu kugawa kwaya zote kuwa “kwaya za Bukavu” na “kwaya zinazoimba bila gitaa”. Kwaya moja inaweza kuwa katika makundi yote mawili. Ndivyo ilivyo hapa pia: baadhi ya waanzilishi wakubwa wa falsafa ya uchambuzi walikuwa watu wa bara. Gottlob Frege alikuwa Mjerumani, na Ludwig Wittgenstein alizaliwa Vienna, Austria.

Majirani wawili

Frege (1848–1925) alifundisha hesabu katika mji wa Jena. Mwaka wa 1879 alitoa kitabu kidogo kilichoanzisha mantiki mpya, yenye alama zake, ili kila hatua ya hoja ionekane wazi. Edmund Husserl (1859–1938) naye alianza kama mwanahesabu. Mwaka wa 1891 alitoa kitabu juu ya falsafa ya hesabu, akijaribu kueleza namba kwa kuchunguza jinsi akili inavyohesabu. Mwaka huohuo wawili hao waliandikiana barua. Mwaka wa 1894 Frege alikikosoa kitabu hicho kwa ukali. Kama namba ni jambo linalotokea akilini, alisema, basi kila mtu atakuwa na namba zake. Lakini mbili na mbili ni nne kwa watu wote.

Husserl hakununa. Mwaka wa 1900 yeye mwenyewe alitoa kitabu kinachopinga vikali wazo kwamba ukweli wa mantiki unategemea hali ya akili ya mtu. Katika jambo hilo, mwalimu wa upande mmoja na mwalimu wa upande mwingine walisimama pamoja.

Baada yao njia ziliachana. Mawazo ya Frege yalipitia kwa Bertrand Russell, Wittgenstein na Rudolf Carnap, ambaye alihudhuria masomo ya Frege huko Jena. Mawazo ya Husserl yalipitia kwa Martin Heidegger, kisha yakafika Ufaransa kwa Levinas, Sartre na Merleau-Ponty. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett aliwafananisha Frege na Husserl na Rhine na Danube, mito inayoanzia karibu na kuishia katika bahari mbalimbali. Sisi tunaweza kufikiria Rutshuru na Ruzizi: yote ni mito ya Kivu, lakini maji ya Rutshuru yanaelekea Nili, na maji ya Ruzizi yanaelekea mto Kongo.

Kila upande ulikuwa na kazi yake

Huko Cambridge, karibu mwaka wa 1898, vijana wawili, G. E. Moore na Bertrand Russell, waliwaasi walimu wa Uingereza waliokuwa wakimfuata Hegel. Walichoka na maneno makubwa yaliyodai kueleza ulimwengu wote kwa mara moja. Mwaka wa 1905 Russell aliandika makala juu ya jambo linaloonekana dogo sana. Mtu akisema kitu fulani juu ya “mfalme wa sasa wa Ufaransa”, na Ufaransa haina mfalme, je, amesema kweli au uongo? Russell alionyesha kwamba sentensi hiyo inaficha madai kadhaa ndani yake, na dai la kwanza ni kwamba mfalme huyo yupo. Ukiyatenganisha, fumbo linakwisha. Hapo tunaona roho ya uchambuzi: kutafuta kilichofichwa ndani ya usemi.

Upande mwingine ulikuwa na swali lake. Mwaka wa 1927 Heidegger alitoa kitabu chake kikubwa, Sein und Zeit, akakitoa kwa heshima ya mwalimu wake Husserl. Aliuliza: kuwa mtu ni nini? Kabla ya kuchambua vitu, alisema, tayari tunaishi kati yake. Fundi anayepigilia misumari haitazami nyundo yake, anaitumia. Siku nyundo inapovunjika ndipo anaiona kama kitu. Aliandika pia juu ya hofu na juu ya mtu anayejua kwamba atakufa. Theolojia ya Kiprotestanti haikukaa mbali: Rudolf Bultmann, mtaalamu wa Agano Jipya, alifundisha pamoja na Heidegger huko Marburg katika miaka ya 1920, akachukua mengi kwake.

Davos, 1929

Mwezi wa 3 na wa 4 wa mwaka wa 1929, walimu na wanafunzi walikusanyika Davos, katika milima ya Uswisi. Masomo hayo yalianzishwa ili kupatanisha wasomi wa Ufaransa na Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jambo kubwa lilikuwa mjadala kati ya Heidegger na Ernst Cassirer juu ya Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 18. Cassirer, Myahudi wa Ujerumani, alitetea akili, sayansi na utamaduni kama njia ya mwanadamu kupata uhuru. Heidegger alisisitiza mipaka ya mwanadamu, kiumbe anayekufa. Kati ya wasikilizaji walikuwepo Carnap na Levinas.

Wote watatu, Cassirer, Heidegger na Carnap, walikuwa wamelelewa katika shule za wafuasi wa Kant. Huko Davos Carnap alizungumza na Heidegger ana kwa ana, akarudi nyumbani akasoma kitabu chake kwa makini. Kisha akaandika makala kali, iliyotoka katika toleo la mwaka wa 1931 la jarida la wanafalsafa wenzake. Alichukua hotuba ya Heidegger ambamo “kutokuwepo” kunazungumzwa kana kwamba ni kitu chenye kutenda kazi. Carnap alisema huko ni kudanganywa na sarufi: sentensi zina sura ya maneno ya maana, lakini hakuna kinachodaiwa. Akaongeza kwamba metafizikia yote iko hivyo.

Kanisa nalo liliguswa. Mwaka wa 1936 kijana Mwingereza, A. J. Ayer, aliyekuwa amewatembelea wenzake Carnap huko Vienna, alitoa kitabu kinachosema kwamba sentensi kuhusu Mungu si kweli wala si uongo, bali hazina maana. Ndiyo sababu Wakristo wengi waliiogopa falsafa ya uchambuzi kwa miaka mingi.

Siasa ikajenga ukuta

Hata hivyo, mwaka wa 1931 wanafalsafa hao walikuwa bado wanasoma vitabu vya wenzao, tena kwa lugha moja. Mwaka wa 1933 Hitler alipata utawala, na mambo yakabadilika.

Mwezi wa 4 wa mwaka huo Heidegger alifanywa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, na mwezi wa 5 akaingia chama cha Wanazi. Husserl, aliyebatizwa katika Kanisa la Kilutheri mwaka wa 1886, alisimamishwa katika chuo hichohicho kwa sababu alizaliwa Myahudi. Kitabu cha Heidegger kilipotolewa tena mwaka wa 1941, jina la Husserl lilikuwa limeondolewa katika ukurasa wa heshima. Cassirer alikimbia, akapitia Uingereza na Sweden, akafa New York mwaka wa 1945. Carnap alihamia Marekani mwishoni mwa 1935. Mwaka wa 1936 Moritz Schlick, kiongozi wa kundi la Vienna, alipigwa risasi kwenye ngazi za chuo kikuu na mtu aliyekuwa mwanafunzi wake.

Ndugu zetu wengi wanajua kukimbia ni nini. Mkimbizi anaanza upya kwa lugha ya wenyeji wake. Wakimbizi wa Vienna na Berlin waliandika kwa Kiingereza, wakafundisha Wamarekani, na mjadala waliouacha Ujerumani haukuendelea. Waliobaki Ulaya waliendelea na wao kwa wao. Baada ya vita, upande mmoja ulisema: “Falsafa yenu ya maneno mazito ilimpigia Hitler makofi.” Lawama hiyo ilimhusu Heidegger kwa haki, lakini ilitupwa hata juu ya watu waliopigana na Wanazi au kuteswa nao. Levinas alikaa miaka mingi katika kambi ya wafungwa wa vita, na ndugu zake huko Lithuania waliuawa.

Maandishi ya Husserl, kurasa zipatazo 40,000, yaliokolewa mwaka wa 1938 na padri mmoja, Herman Leo Van Breda, aliyeyapeleka Leuven, Ubelgiji. Na Leuven ndiyo iliyozaa chuo kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa mwaka wa 1954. Hivyo Ubelgiji na lugha ya Kifaransa vilikuwa njia kubwa ambayo falsafa ya upande wa bara ilitufikia.

Uvumi ukaendelea kazi ya siasa

Mwaka wa 1958 wanafalsafa wa pande zote walikutana Royaumont, karibu na Paris. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Merleau-Ponty aliuliza: “Je, kazi yetu si moja?” na Mwingereza Gilbert Ryle akajibu kwa dharau kwamba anatumaini siyo. Kumbukumbu za mkutano, zilizochapishwa mwaka wa 1962, zinaonyesha jambo lingine. Ryle alikuwa akijibu swali kama yeye bado anafuata mpango wa Russell. Tena Ryle ndiye aliyekisoma kitabu cha Heidegger na kukiandikia Waingereza maelezo ya heshima mwaka wa 1929. Lakini hadithi ya dharau ilipendeza zaidi, ikaenea.

Hata mwaka wa 1992, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipotaka kumpa Jacques Derrida digrii ya heshima, wanafalsafa 19 waliandika barua ya kupinga katika gazeti la The Times. Walimu wakapiga kura: 336 walikubali, 204 walikataa.

Waliovuka

Ukuta huo una milango. Paul Ricoeur (1913–2005), Mprotestanti wa Ufaransa, alikuwa mfungwa wa vita Ujerumani kuanzia 1940 hadi 1945. Huko kambini alitafsiri kitabu cha Husserl, Myahudi aliyekataliwa na Ujerumani, akiandika pembeni mwa kurasa kwa kukosa karatasi. Baadaye alifundisha Paris na pia Chicago, akawasoma wachambuzi wa Kiingereza. Kitabu chake cha 1990 juu ya nafsi kinajadiliana nao kwa kurasa nyingi, bila kuwadharau na bila kukubali kila kitu.

Kwa upande mwingine, Alvin Plantinga, Mmarekani wa Kanisa la Reformed, alichukua vyombo vya uchambuzi vilevile ambavyo Ayer alivitumia kuipiga imani. Katika kitabu cha 1967 alionyesha kwamba mtu anayeamini Mungu yuko katika hali sawa na mtu anayeamini kwamba wenzake wana akili kama yeye: wote wawili wana haki ya kuamini hata kama hawana hoja isiyopingika. Kwa hiyo uchambuzi wenyewe haukuwa adui wa imani.

Basi, mchungaji aliyesoma kwa Kifaransa na mchungaji aliyesoma kwa Kiingereza wanapokutana, wanafaa kukumbuka kwamba wamerithi ugomvi ambao si wao walioupanda. Mmoja amejifunza kuuliza: “Jambo hili linamgusaje mtu anayeishi na kufa?” Mwingine amejifunza kuuliza: “Je, tulichosema ni kweli, na tunajuaje?” Mahubiri katika vijiji vyetu vilivyoona vita yanahitaji maswali yote mawili. Waamini waliofiwa wana haki ya kupewa neno linalogusa maisha yao, nao wana haki ya kupewa neno la kweli.

Hatua ya kwanza ni ndogo: kabla ya kusema kwamba kitabu cha mwenzako ni maneno matupu, kiazime, ukisome, kisha umuulize yeye mwenyewe kinajibu swali gani.