Picha ya Ahmad bin Naaman: Nani Hakuchorwa?

Tumezoea kuhakiki mashairi na riwaya kana kwamba kazi ya sanaa lazima iwe na maneno. Hebu safari hii tujaribu picha. Mwaka 1840, huko New York, Mmarekani Edward Mooney alimchora kwa rangi za mafuta Ahmad bin Naaman, katibu na mjumbe wa Seyyid Said wa Zanzibar. Picha hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Peabody Essex mjini Salem.

Tuanze na fani. Mjumbe amewekwa peke yake, na kilemba chake, ndevu zake na mavazi ya heshima, kama walivyochorwa wakubwa wa Marekani wenyewe. Kejeli hamna. Ni sawasawa na shairi la sifa: msifiwa anasimama katikati, wengine wote wanatolewa jukwaani.

Sasa maudhui, na hapa ndipo mimi na Mooney tunapoachana. Ahmad hakwenda kutembea. Seyyid Said alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikebu yake, Sultana, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na karafuu, tende, kahawa, ngozi na pembe za ndovu 108. Pembe hizo, jamani, hazikujileta zenyewe. Sisemi zote zilitoka kwetu. Lakini Wanyamwezi walikuwa wakishusha pembe pwani kwa mabega tangu mwanzoni mwa karne ile, na njia yao ndiyo iliyoukuza mji wa Tabora. Mtu akiitazama picha ile akiwa hapa Kanyenye hataacha kuuliza: mpagazi yuko wapi? Pengine Mooney hakujua hata kama yupo. Hilo si kosa la brashi, ila mhakiki anayeishia kwenye kilemba amehakiki nusu ya kazi.

Nusu ya pili, kwa maoni yangu, imo katika neno moja la lugha yetu: merikani. Sultana ilipoondoka New York Agosti 1840 ilirudi na marobota ya nguo ya pamba ya Marekani. Nguo ya aina hiyo ikapanda bara mabegani mwa watu walewale walioshusha pembe. Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, merikani ilikuwa fedha: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti, kwa hiyo ulinunua chakula, ulilipa hongo Ugogo, uliajiri wapagazi.

Basi Wamarekani walibaki na sura ya mkubwa wa pwani, yenye jina na cheo. Sisi wa bara tukabaki na jina lao, lisilo na sura, kwenye kitambaa. Wenzangu darasani walinicheka niliposema neno nalo ni picha. Wacheke tu, mimi ndani ya merikani namwona yule ambaye Mooney hakumchora, maana bila bega lake robota lisingevuka hata Ugogo.