Anadaiwa, au Inadaiwa?

Kitenzi "kudai" ni miongoni mwa vitenzi ambavyo sisi walimu wa lugha huvipitia harakaharaka darasani, tukidhani havina la kutukwamisha. Hebu tukitazame katika kauli yake ya kutendwa. Gazeti likiandika "inadaiwa kwamba fulani aliiba", msomaji huelewa kuwa jambo hilo halijathibitishwa na kwamba mshukiwa angali na nafasi ya kujitetea. Lakini jirani akisema "fulani anadaiwa", hakuna anayengoja ushahidi. Fulani ana deni, basi. Kitenzi ni kile kile na kauli ni ile ile. Kilichobadilika ni kiambishi awali peke yake, na tuhuma ikageuka deni.

Huenda msomaji akaona huu ni mchezo wa wanaisimu wasio na kazi. Laiti ungekuwa mchezo! Huku kwetu Bamburi, ilani ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya haimfikii mtu kwa mkono wa tarishi. Humfikia kwa barua-pepe au katika akaunti yake ya iTax, na aghalabu husomwa katika vibanda vya kompyuta vya Mtambo au Kiembeni, na kijana anayelipwa kwa huduma hiyo, au na mjukuu aliyeko sekondari. Ilani imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mjukuu huisoma, hukunja uso, kisha humgeukia nyanyake na kumwambia: "Bibi, unadaiwa na serikali." Katika tafsiri hiyo fupi kesi imekwisha kuamuliwa. Ilhali neno lililokuwa katika ilani, mara nyingi, maana yake ni "makadirio" tu. Na akadiriaye huweza kukosea.

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu ana vyumba vitatu vya kupangisha Kiembeni. Mwanawe yuko Muscat, na kila mwezi humtumia fedha za karo ya wadogo zake na za kumalizia ujenzi. Fauka ya hayo, mama huyu ni mweka hazina wa chama cha akina mama, na michango yote hupitia akaunti yake ya benki. Afisa wa ushuru akizijumlisha fedha zote zilizoingia benki na kuziita kodi ya nyumba, atapata mwenye majumba ambaye hayuko duniani. Ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha ulianza mwaka 2016 kwa asilimia 10 ya kodi yote inayopokewa, ukapunguzwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, na humhusu anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Yamkini vyumba vya mwalimu wetu havifikishi hata kiwango hicho cha chini. Hata hivyo hesabu ya benki itamfikisha, na kumpitisha mbali. Njia hii ya kukadiria mapato kwa kutazama fedha zilizoingia benki si ya kubuni. Imezua mashauri mengi mbele ya Baraza la Rufaa za Ushuru.

Wanafunzi nao hawajasalimika. Wengi hufunguliwa nambari ya ushuru ili waombe mkopo wa elimu ya juu, pasipo kuambiwa kuwa nambari hiyo huja na wajibu wa kuwasilisha taarifa ya mapato kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, hata kama mapato yenyewe ni sufuri. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Hapo hapana kosa la Mamlaka. Sheria ndivyo ilivyo, japo ni kali kwa asiye na kitu. Kosa la hatari zaidi ni la kijana wa kibandani ambaye, wakati wa usajili, alimtilia mwanafunzi alama mahali pa ushuru wa thamani ya ziada. Taarifa za ushuru huo ni za kila mwezi, na faini ya kuchelewa si chini ya shilingi 10,000. Katika mwaka mmoja, mtu ambaye hajauza hata andazi anaonyeshwa deni la shilingi 120,000.

Wapo watakaosema kompyuta haiongopi. Bunge letu halikubaliani nao. Marekebisho ya Sheria ya Taratibu za Ushuru yaliyopitishwa mwaka 2024 yanamruhusu Waziri, kwa pendekezo la Kamishna, kusamehe faini na riba zilizotokana na hitilafu ya mfumo wa elektroniki, kuchelewa kwa mfumo huo kusasishwa, faini kurudufiwa, au mlipaushuru kusajiliwa wajibu usio wake. Hakuna atungaye sheria ya kusamehe makosa yasiyotendeka.

Kwingineko makosa ya aina hii yamewaangusha wakubwa. Nchini Uholanzi, idara ya ushuru iliwashutumu kwa udanganyifu maelfu ya wazazi waliopokea ruzuku ya malezi ya watoto, ikawataka wairudishe. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu hiyo Januari 2021. Huko Australia kompyuta iligawa mapato ya mwaka mzima sawasawa kwa kila wiki mbili, ikawatolea watu madeni ya msaada wa serikali ambayo hayakuwapo. Katika nchi zote mbili aliyeambiwa anadaiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi.

Kwetu pia mzigo huo umo begani mwa raia. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 kinamtaka mlipaushuru athibitishe kwamba uamuzi si sahihi. Kifungu cha 51 kinampa siku 30 tangu aarifiwe ili awasilishe pingamizi kwa maandishi. Kamishna naye ana siku 60 za kuamua, na asipoamua katika muda huo pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Asiyeridhika ana siku 30 nyingine za kwenda kwenye Baraza, na hapo hulipa ada ya shilingi 20,000 isiyorejeshwa. Msomaji na alinganishe ada hiyo na faini ya 2,000 tuliyoitaja, kisha aniambie ni mwanafunzi gani atakayekata rufaa. Anayenyamaza, kwa kuwa amesadiki kwamba "anadaiwa", huweza kushtukia benki yake imeamriwa kutoa fedha zake na kuzilipa kwa Kamishna.

Ndiyo maana nashikilia kuwa suala hili ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Siku 30 ni chache kwa aliyeielewa ilani. Kwa asiyeielewa ni sawa na hakuna. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomhusu. Haki hiyo ya pili yategemea ile ya kwanza, kwani mtu hawezi kusahihisha asichokisoma. Wenzetu wa Tanzania walirekebisha sheria yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Na asije mtu akatwambia kwamba istilahi hazipo. Makadirio, pingamizi, rufaa, riba, msamaha: lipi kati ya hayo lisilojulikana na muuza samaki wa Utange? Ilani ianze kwa sentensi moja tu: "Haya ni makadirio, una siku 30 za kuyapinga."

Kabla Mamlaka haijafikia hapo, walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza. Barua rasmi tunaifundisha kila mwaka, na kila mwaka mwanafunzi anaomba kazi ya ukarani katika kampuni isiyokuwapo. Tumpe barua ya pingamizi. Sheria imekwisha kutupangia aya zake: sababu za kupinga zitajwe waziwazi; marekebisho yanayotakiwa yaelezwe, na kwa nini; sehemu ya ushuru isiyobishaniwa ilipwe au mpango wa kuilipa uafikiwe; na nyaraka zote zinazohusika ziambatishwe, yaani taarifa za benki, risiti za fedha kutoka ng'ambo, daftari la chama. Tarehe ya kupokea ilani iandikwe katika mstari wa kwanza, na nakala yenye uthibitisho wa kupokewa ihifadhiwe nyumbani.