Je, wajua? Bukavu hukanyagi ufuo, unakanyaga vidole

Bukavu haina bahari, lakini ina kingo za kumfanya mtu ashike kofia. Mji umekaa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu ya rasi tano zilizojichomeka Ziwa Kivu. Ndiyo maana huitwa mkono wa kijani uliochovywa majini. Tembea kuanzia Nguba hadi Muhumba, komine ya Ibanda, na kila kona itakufunulia kidole kingine, na ghuba nyembamba katikati.

Ghuba hizo zilikuwa mabonde. Zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Volkano za Virunga zikachipuka zikaziba njia, ziwa likapanda, likameza mabonde na kuacha migongo ya vilima. Ndiyo hiyo unayoikanyaga. Miaka ipatayo 10,000 iliyopita maji yalijitafutia mlango kusini, hapa hapa Bukavu, na Ruzizi ukazaliwa. Mto huo mpakani na Rwanda hushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, kisha maji hushika Lukuga, Lualaba na mto Kongo mpaka Atlantiki. Yaani ziwa limebadilisha bahari bila kuhama nyumbani!

Kwa matembezi hayo, usitegemee njia moja iliyonyooka. Sehemu kubwa ya ukingo ni parseli zenye kuta ndefu, na ziwa utalichungulia kwenye mapengo. Chagua kutembea kati ya Juni na Agosti. Mvua ikianza, udongo wa huku huteleza kama sabuni. Tena miteremko yenyewe haijatulia: kule Funu, komine ya Kadutu, kilima kinasogea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake.

Huko chini ziwani hakuna mamba. Kuna kina cha zaidi ya mita 470 na methani ya mita za ujazo zipatazo bilioni 60 iliyoyeyuka majini, ingawa kwa macho utaona mitumbwi tu. Giza likiingia, wavuvi huwasha taa kuwaita sambaza. Samaki hao nao ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Maji yanateremka huko, samaki wakapandishwa huku. Wakikaangwa mpaka wakauke, bugali huisha upesi.